Hakushinda, Hakushindwa



Jumamosi iliyopita, kwenye shule yetu huku Masisi, watoto walifanya mashindano madogo ya sataranji. Wengi wetu tunajua dama. Sataranji ni ndugu yake, lakini ina mfalme, malkia, farasi na askari. Ubao tuliuchora kwenye kartoni, na askari walikuwa vifuniko vya chupa.

Nilikuwa namwangalia msichana mmoja wa mwaka wa sita. Vita vilimpotezea miaka miwili ya masomo, sasa ni mkubwa kuliko wenzake. Mama yake alikuwa amekuja kuniambia: "Mwalimu, umri umepita, heri anisaidie shambani." Nilinyamaza. Kusema kweli, nilikuwa karibu kukubali.

Mchezo ulimwanzia vibaya. Alimtoa malkia mapema, kabla ya farasi. Mvulana aliyecheza naye akamkimbiza malkia yule, na kila hatua akitoa jeshi lake nje, mpaka akamkamata. Mwishoni msichana alibaki na mfalme peke yake kwenye kona. Nilimwonyesha kwa macho: acha, mpe mkono. Alikataa kuniangalia.

Mvulana akawa na haraka. Akasogeza malkia wake vibaya: mfalme hakushambuliwa, lakini vyumba vyote vitatu vya kukimbilia vilifungwa. Sheria inasema, mwenye zamu akikosa pa kwenda na mfalme wake hashambuliwi, mchezo ni sare. Kila mmoja alipata nusu pointi.

Nilikumbuka Phiona Mutesi wa mtaa wa Katwe, Kampala. Mwaka 2005 alifika kwa mwalimu Robert Katende akitafuta kikombe cha uji. Alikuwa ameacha shule. Mwaka 2010 aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Urusi, na akarudi pia masomoni.

Sisemi kila mtoto atafika Urusi. Lakini mimi, mwalimu wake, nilikuwa nimekwisha kuhesabu kwamba yule msichana ameshindwa, kwenye ubao na darasani pia. Yeye alikuwa bado anahesabu vyumba.

Jioni nilikwenda kwa mama yake. Tulichambua maharagwe pamoja, tukaongea. Tulipatana: asubuhi masomo, mchana shamba, mpaka mtihani wa mwisho wa msingi. Si ushindi. Ni sare, na mtoto yuko bado mchezoni.

Wamama wa Masisi na Walikale, kabla ya kumtoa binti shuleni, tuhesabu kwanza vyumba vilivyobaki.