Jina la kumi kwenye kadi ya baba

Najua nimepotea. Testi tatu wiki moja, bumu limechelewa, na chaja ya laptop ninayoazima kwa rumeti imekufa. Leo Jumamosi hosteli imetulia, wengine wanafua, wengine wameshuka Mwenge, nikasema acha niandike kitu kilichonikaa rohoni tangu nirudi kutoka fildi.

Baadhi yenu mliniuliza kwa nini sikufanya fildi kwenye vituo vikubwa vya hapa Dar kama wenzangu. Jibu ni fupi: hela ya chumba na nauli sikuwa nayo. Nikarudi nyumbani Usambara, nikajitolea kwenye redio ya jamii ya kwetu. Msifikirie studio za vioo. Ni chumba kimoja, magodoro ya zamani yamegongomelewa ukutani kupunguza mwangwi, kompyuta mbili, na mnara nyuma ya jengo. Siku za kazi kuna bei za mazao, afya, taarifa za halmashauri. Lakini redio yenyewe, ile watu wanayoachia shughuli zao, ni ya wikiendi. Jumamosi asubuhi watoto wanaimba na kutegeana vitendawili, saa nne kadi za salamu, mchana matokeo ya ligi ya kata. Jumapili kwaya, matangazo ya vifo na mikutano, halafu jioni taarabu mpaka mitambo izimwe.

Darasani tulifundishwa kwamba redio ya jamii ya kwanza Kenya ilifunguliwa Homa Bay mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, serikali ikaifunga 1984. Tukafundishwa Koch FM, iliyoanzia ndani ya kontena huko Korogocho, Nairobi, mwaka 2006, na Orkonerei ya Terrat, Simanjiro, kwa Wamasai. Nikajibu vizuri tu kwenye mtihani. Lakini hakuna lekcha iliyonifundisha kadi ya salamu ni kitu gani.

Kadi inauzwa dukani shilingi 500. Unaandika jina lako, wimbo unaoutaka, na watu kumi wa kusalimiwa. Wazazi wetu walikulia kwenye RTD, wanakumbuka Ugua Pole, kwa hiyo kwao kusalimiwa redioni si mchezo. Kwetu ukikosekana kwenye kadi ya ndugu yako, mtaa mzima unajua.

Baba yangu hutuma kadi kila Jumamosi. Majina ni yaleyale, kwa mpangilio uleule: anaanza bibi, anamaliza na mimi, "mwanangu aliyeko chuo". Baba mdogo hayumo. Ni miaka saba tangu wagombane kwa ajili ya mpaka wa shamba la migomba aliloacha babu. Kilima kimoja tu kinawatenganisha, lakini hukutana msibani, na kila mmoja na benchi lake.

Wiki ya tatu dada mtangazaji alipata mafua, sauti ikakauka, akanisogezea maiki. Nikasoma kadi nane hivi vizuri. Ya tisa ilikuwa ya baba. Nikasoma majina yote kumi, na kabla ya kubonyeza wimbo nikasikia mdomo wangu unaongeza: "...na mdogo wangu wa ng'ambo ya kilima, nakusalimu sana." Wimbo ukaanza. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Dada hakunigombeza hewani. Tulipotoka akaniambia, kwa ile sauti yake iliyokauka, "Mdogo wangu, kadi ile si yako. Mtu amelipa mia tano ataje majina kumi. Leo umemwongezea ndugu, kesho mwenzako atamwongezea mke."

Nyumbani nikamkuta baba barazani, redio imezimwa. Akasema, "Leo kadi yangu imekuwa na majina kumi na moja." Akainuka akaingia ndani. Mama akaniangalia tu. "Umemsemea mtu mzima," akasema.

Sasa, mawimbi ya FM hayapindi kilima. Kijijini kwa baba mdogo redio yetu haishiki mpaka upande juu. Nikajipa moyo kwamba hakusikia. Nilisahau kwamba kijijini habari haihitaji mnara. Aliyekuwa juu anakata kuni alisikia, akashuka nayo.

Jumapili saa tatu asubuhi baba mdogo huyo, mkungu wa ndizi begani. Akasimama uani. Akasema, "Shikamoo kaka. Nimesikia umenisalimia."

Jamani. Nilikuwa mlangoni, tumbo likawa baridi. Baba angesema "si mimi, ni huyu mtoto", na angekuwa anasema kweli. Mtu mzima angegeuka na ndizi zake mbele ya majirani, na aliyemwita akadhalilike angekuwa mimi. Baba alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Marahaba. Karibu kiti."

Wakakaa, wakaongea mvua, wakaongea bei ya karoti. Shamba halikutajwa. Na nisiwadanganye: mpaka ule bado haujatatuliwa mpaka leo.

Mimi nilinyimwa maneno siku tano, isipokuwa "lete maji". Siku ya sita baba akaniambia, "Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekubali?"

"Nisingekubali. Ndiyo maana ungeniuliza."

Nimelifikiria neno hilo kuliko lekcha zote za maadili. Huku tunaandika kwenye insha kwamba redio ya jamii ni sauti ya wananchi, tunapata maksi, tunakwenda kula. Lakini kila sauti ina mwenyewe. Mimi niliichukua ya baba, nikaitumia kusema jambo jema ambalo hakulisema. Lilitokea vizuri kwa sababu yeye alimeza, si kwa sababu mimi nilikuwa sahihi. Nikiajiriwa siku moja nikawa na maiki kubwa, nataka nikumbuke ile baridi ya tumboni.

Leo saa nne mama amenipigia. Hakusema kitu, akaweka simu karibu na redio. Dada amepona, sauti imerudi. Akasoma kadi ya baba, bibi wa kwanza kama kawaida. Namba tisa, baba mdogo. Namba kumi: "Mwanangu aliyeko chuo, naye asiongeze mtu." Dada akacheka palepale hewani.

Ila majina lazima yawe kumi, na aliyeondolewa ni shangazi wa Korogwe. Nasubiri simu yake.

Haya, niombeeni testi ya Jumatatu. Tuonane wiki ijayo, chaja ikipona.