Alama Nilizomnyima Mwanafunzi

Nilipokuwa mwalimu wa historia katika sekondari moja hapa Ifakara, nilimwonea mwanafunzi, na jambo hilo bado linanichoma.

Nilibandika ubaoni nakala ya mandhari ya mji wa Unguja kutoka albamu ya Charles Guillain, nahodha Mfaransa aliyepita pwani yetu na meli ya Ducouëdic kati ya 1846 na 1848, zama za Sayyid Said. Nikasema bila kusita kwamba nahodha mwenyewe ndiye aliyechora, kila ukuta na kila dirisha kama alivyoliona.

Kwenye jaribio nikauliza mchoraji ni nani. Kijana mmoja wa ng'ambo ya mto Kilombero, enzi zile bado tunavuka kwa kivuko, akaandika kwamba mwenye kitabu si lazima awe mchoraji, maana hata Ifakara wapo wanaosimulia Mahenge, ng'ambo ya pili, ilhali mto wenyewe hawajawahi kuuvuka. Nikamkata kwa kalamu nyekundu, sifuri. Kisha nikaisoma karatasi yake kwa sauti, darasa zima likacheka. Yeye aliinamia dawati.

Ukweli niliusoma baadaye sana. Kitabu cha Guillain kilitoka Paris mwaka 1856, na picha za albamu yake zilichorwa juu ya mawe na mafundi wa huko, mmoja wao Adolphe Bayot. Walifuata michoro ya safarini na picha za kamera za mwanzo, zilizonaswa kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha. Katika uchapaji huo wa mawe, fundi huchora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, kisha hulilowesha maji. Wino ukipakwa hushika penye mafuta tu. Kamera zile zilichukua muda kunasa picha, mtu akitembea hufifia au hupotea kabisa, hivyo wapita njia katika picha za namna hii mara nyingi walitiwa na mkono wa fundi.

Kutojua si kosa langu kubwa. Nilijibu kwa uhakika nisiokuwa nao, nikamwadhibu aliyefikiri.

Kijana wangu, kama unasoma hapa: jibu lako lilistahili alama zote. Nilikuaibisha mbele ya wenzako, nami nakuomba radhi mbele ya watu.