Globe, Mji wa Shaba na Shauri la Mtoto

Msafiri atokaye Phoenix, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, akielekea mashariki, huiacha nchi tambarare yenye joto kali, akapanda milima ya mawe, na baada ya maili zipatazo 90 huufikia mji wa Globe. Mji huu ulianza kwa machimbo ya fedha katika miaka ya 1870, kisha ukasitawi kwa shaba. Mgodi wake mkuu, Old Dominion, ulifungwa mwaka 1931. Lakini wanasheria wanaujua mji huu kwa sababu nyingine.

Mwezi Juni 1964 kijana wa miaka 15, Gerald Gault, alikamatwa hapa kwa kudaiwa kumtolea jirani maneno machafu kwa simu. Wazazi wake walikuwa kazini, wala hawakuachiwa habari yo yote. Kijana huyo alikuwa tayari chini ya afisa wa probeshoni, kwa kuwa aliandamana na mwenzake aliyeiba pochi. Shauri likasikizwa bila wakili, bila kiapo, na bila maneno kuandikwa. Mlalamikaji mwenyewe hakufika. Jaji akataja hata habari ya zamani ya glavu ya mchezo iliyosemekana kuibwa, ambayo haikupata kuthibitishwa.

Mtu mzima kwa kosa hilo angalitozwa dola 5 hadi 50, au kufungwa miezi isiyozidi miwili. Mtoto huyu aliamriwa kukaa katika shule ya kurekebisha tabia mpaka atimize miaka 21, yaani hata miaka 6. Shule hiyo ilikuwa Fort Grant, kusini-mashariki ya Globe, chini ya mlima Graham, mahali palipokuwa kambi ya askari zamani, na ambapo baadaye pakawa gereza la watu wazima.

Sheria ya Arizona haikuruhusu rufani katika mashauri ya watoto. Wazazi wakatafuta njia nyingine, na tarehe 15 Mei 1967 Korti Kuu ya Marekani ikakata kwamba mtoto aliye katika hatari ya kufungiwa lazima aarifiwe mashtaka, awe na wakili, awahoji mashahidi, wala asilazimishwe kujishuhudia.

Hukumu hiyo ina maana kubwa kwa mtoto anayeshtakiwa kuvunja amri ya korti. Mwaka 1974 sheria ya Marekani ilikataza kuwafungia watoto kwa utoro wa shule au kukimbia nyumbani. Mwaka 1980 majaji waliruhusiwa kumfungia mtoto wa namna hiyo akivunja amri halali ya korti. Lakini ili amri iwe halali, yapasa mtoto awe amefikishwa mbele ya jaji na kupewa haki zake zote, na aonywe kwa maandishi yatakayompata akiasi. Wazazi au wakili wake wapewe onyo hilo pia. Mwaka 2018 muda wa kumfungia uliwekewa mpaka: siku 7.

Wazee husema, samaki mkunje angali mbichi. Shauri la Globe linaonyesha kwamba hata samaki mbichi, akikunjwa na mtu asiyetazama, huvunjika.