Karavani Kuukuu ya Kicukiro: Hesabu Mvua, Usihesabu Kilomita

Watu wengi hupima uzee wa chombo cha safari kwa wingi wa kilomita zake. Kilichokwenda mbali huitwa kikongwe, na kile kilichokaa uani miezi na miaka huhesabiwa kuwa kimepumzika. Kwa motokaa huenda kipimo hicho kikafaa kwa kiasi fulani. Lakini kwa karavani, yaani ile nyumba ndogo ya magurudumu isiyo na injini, ikokotwayo nyuma ya gari ili jamaa wapate mahali pa kulala na kupikia safarini, kipimo hicho kina hatari ndani yake. Karavani huchakaa kwa kusimama kama vile ichakaavyo kwa kwenda, na pengine zaidi. Jambo hili nililiona dhahiri katika wilaya ya Kicukiro, nchini Rwanda, nilikokwenda kwa shughuli za kikazi, na ndilo ninalokusudia kuwaeleza wasomaji wa ukurasa huu.

Kicukiro ni mojawapo ya wilaya tatu za jiji la Kigali. Nyingine ni Gasabo na Nyarugenge. Ni wilaya ya wasafiri kwa asili yake. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kigali umo ndani yake, upande wa Kanombe. Barabara ya kusini hutoka Kicukiro mjini, ikapanda Nyanza, ikapita Gahanga, kisha ikateremka mpaka daraja la Kanzenze juu ya mto Nyabarongo, na kutoka hapo huingia nchi tambarare ya Bugesera hadi Nyamata na mpaka wa Burundi huko Nemba. Mwenye kutaka kwenda mashariki hushika njia ya Kabuga, akafuata Rwamagana na Kayonza, na hatimaye akafika Rusumo, kwenye mpaka wa Tanzania. Mgeni ajuaye Kiswahili hapati taabu kubwa, kwa kuwa lugha hii imesikika siku nyingi sokoni, kambini na katika magari, na mwaka 2017 Bunge la Rwanda liliifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza.

Haiwezekani kuipita barabara ile ya kusini bila kunyamaza kidogo. Kicukiro palikuwa na shule ya ufundi iliyojulikana kwa jina la ETO. Mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu zaidi ya 2,000 walikimbilia hapo chini ya ulinzi wa askari wa Ubelgiji waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari hao waliondoka. Wakimbizi waliobaki walichukuliwa wakapelekwa kwenye kilima cha Nyanza, na wengi wao wakauawa huko. Leo pale Nyanza pana makumbusho, na mahali palipokuwa na shule pana chuo cha ufundi cha serikali ambapo vijana husomea, pamoja na kazi nyingine, ufundi wa magari. Chombo kilichoharibika chaweza kurudishwa katika hali yake. Vijana wale hufundishwa kazi hiyo mahali ambapo wananchi wanakumbuka yale yasiyoweza kurudishwa.

Karavani si chombo cha kila siku mjini hapo. Yaonekanayo zaidi ni magari marefu ya safari yenye hema juu ya paa, na matela madogo ya mizigo. Mtindo wa karavani za matembezi ulianzia Uingereza: mwaka 1885 daktari mmoja na mwandishi wa vitabu, William Gordon Stables, alijengewa gari la kulala lililokokotwa na farasi wawili, akalipa jina la Wanderer, yaani mtembezi, akasafiri nalo hadi Uskoti. Farasi wale hawapo tena, lakini mambo makuu ni yale yale: paa, magurudumu, na kiungo kati ya kinachokokota na kinachokokotwa.

Mwenyeji wangu, mtumishi wa umma aliyestaafu, anayo karavani moja kuukuu, ambayo huikalisha kando ya nyumba yake penye mteremko kidogo. Alikusudia kuwachukua wajukuu zake mwezi Julai hadi ufukweni mwa Ziwa Muhazi, upande wa Rwamagana. Nilipomwuliza fundi aliitazama lini kwa mara ya mwisho, alicheka kwa upole.

"Mwalimu," akasema, "tangu niipate haijatimiza kilomita elfu tatu. Fundi aje atazame nini?"

"Mzee," nikamjibu, "hizo kilomita elfu tatu imezipata katika masika mangapi?"

Alihesabu kwa vidole, akafika tisa, akanyamaza. Kesho yake aliitwa fundi makanika wa jirani.

Fundi alianza kwenye magurudumu. Kashata za tairi zilikuwa nzima kama mpya, na mwenye macho ya haraka angeridhika. Lakini yeye alitafuta ubavuni mwa tairi tarakimu nne zilizofungiwa pamoja: mbili za kwanza hutaja juma, na mbili za mwisho hutaja mwaka wa kutengenezwa. Penye 2311, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2011. Mpira hukauka kwa jua na kwa miaka, hata usipogusa barabara, na nyufa ndogo za ubavuni ndizo dalili zake. Tairi la karavani hubeba uzito ule ule mahali pale pale usiku na mchana. Kwa sababu hiyo inashauriwa libadilishwe likifikisha miaka mitano hivi, na lisipite miaka saba, hata likiwa halijapungua unene.

Kisha akazijia breki, na hapo ndipo mzee alipoacha kucheka. Karavani nyingi hazina kanyagio la breki linalounganishwa na gari. Gari la mbele likipunguza mwendo, karavani huendelea kulisukuma. Msukumo huo huingiza ndani fimbo ya kiungo, nayo fimbo huvuta vyuma vinavyobana breki za magurudumu ya nyuma. Vyuma hivyo vikishika kutu, au grisi ikikauka, msukumo hubaki bila kazi, na mzigo wote hulilalia gari. Katika nchi tambarare dereva aweza asitambue. Lakini Kicukiro mtu haendi mahali ila apande au ateremke, na mwenye kushuka kutoka Gahanga kuelekea Nyabarongo, huku watoto wakiimba kiti cha nyuma, hana nafasi ya kujifunza jambo hilo akiwa katikati ya mteremko. Breki ya upande mmoja wa karavani ya mzee ilikuwa imegandamana, kwa sababu breki ya mkono ilikuwa imeachwa imevutwa muda wote huo. Ya upande wa pili haikushika kabisa. Waya wa usalama, ambao kazi yake ni kuvuta breki ikiwa karavani itachomoka kwenye gari, ulikuwa umeoza.

Ndani ya nyumba ile ndogo mambo yalikuwa mawili. La kwanza ni maji. Fundi alibonyeza kwa kidole gumba pembe ya dirisha, na ukuta ukabonyea kama andazi. Gundi ya viungo hukauka, mvua hupenya tone kwa tone, na mbao zilizo nyuma ya bati huoza bila kuonekana. La pili ni gesi. Mpira uliotoka kwenye mtungi kwenda jikoni ulikuwa umekauka na kupasuka. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka sakafuni, mahali walalapo watoto. Ndiyo maana karavani hutobolewa matundu sakafuni, na matundu hayo yasizibwe kwa zulia wala kwa masanduku. Kuvuja hupimwa kwa maji ya sabuni yapakwayo kwenye viungo: mapovu yakitokea, funga mtungi na umwite fundi. Kiberiti kisitumike kamwe kwa kazi hiyo.

Kina mama na kina baba, hapa pana neno moja la kuongeza. Usiku wa milimani ni baridi, na wapo wanaodhani jiko la makaa laweza kuingizwa ndani ili watoto wapate joto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kidogo kilichofungwa huwaua waliolala bila kuwaamsha. Joto lipatikane kwa blanketi.

Sasa, karavani kuukuu itengenezwe mara ngapi? Jibu la mafundi wa nchi zenye karavani nyingi ni mara moja kwa mwaka, iwe imesafiri au haikusafiri. Kwa Kicukiro mwaka wenyewe umekwisha kutupatia ratiba. Wanyarwanda huugawa katika nyakati nne: urugaryi, kiangazi kifupi cha Januari na Februari; itumba, mvua kubwa za Machi hadi Mei; icyi, kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti; na umuhindo, mvua za Septemba hadi Desemba. Mvua ndizo ziiharibuzo karavani iliyosimama, na kiangazi ndicho kiitacho safari. Basi matengenezo makubwa na yafanywe mwanzoni mwa Juni, itumba likiisha: breki zifunguliwe na kusafishwa, beringi zitazamwe, kiungo kipakwe grisi, mipira ya gesi ipimwe, taa zote ziwashwe, na kuta zikaguliwe unyevu wakati dalili za mvua zingali mbichi. Matengenezo madogo yafanywe Januari, baada ya umuhindo: paa na madirisha, upepo wa tairi, betri, na grisi. Hayo madogo mwenye nyumba aweza kuyafanya mwenyewe na wanawe kwa asubuhi moja.

Kati ya nyakati hizo karavani isiachwe kama jiwe. Ikae mahali pa usawa, magurudumu yazuiwe kwa vigingi vya mbao mbele na nyuma, na breki ya mkono iachiwe ili isigande. Kila baada ya mwezi mmoja au miwili magurudumu yazungushwe kidogo, uzito usilalie sehemu moja ya tairi. Madirisha yafunguliwe siku ya jua, hewa ipite.

Kabla ya kila safari pana ukaguzi wa tatu, ambao ni mfupi lakini haurukwi: taa za breki na indiketa, upepo wa tairi, kiungo, waya wa usalama, na mtungi wa gesi kufungwa barabara. Vitu vizito viwekwe chini, karibu na ekseli, maana karavani iliyolemewa nyuma huyumba kama mkia. Tena, gurudumu likiwa limefunguliwa, nati zake zikazwe upya baada ya kilomita 50 hivi. Mwenye kutoka Kicukiro kwenda mashariki asihangaike kupima. Akifika Rwamagana asimame, watoto wanywe maji, yeye ashike spana.

Wengine watasema kwamba ukaguzi wa serikali unatosha. Nchini Rwanda kazi hiyo imekuwa mikononi mwa Polisi ya Taifa, na utaratibu uliozoeleka ni kwamba gari la binafsi hupelekwa mara moja kwa mwaka, na gari la abiria mara mbili. Ni utaratibu mwema, na umeokoa maisha. Lakini cheti cha ukaguzi hueleza hali ya chombo siku ile kilipotazamwa. Hakipaki grisi, wala hakizuii mvua ya mwezi unaofuata. Ulinzi wa siku nyingine zote umo mikononi mwa mwenye mali.

Kwa msafiri atakayevuka Rusumo kuingia Tanzania, akumbuke pia kwamba Rwanda magari hupita kulia na Tanzania hupita kushoto. Taa za gari lililotengenezwa kwa njia ya kulia humpiga machoni anayekuja akiwa upande wa pili; basi zirekebishwe, na vioo vya ubavuni vitazamwe upya, kwa sababu mkia mrefu wa karavani ndio utakaokuwa upande asiouzoea.

Safari ya mzee haikuwa Julai. Tairi mpya, mipira ya gesi na kazi ya breki vilimchukua mpaka katikati ya Agosti, na wajukuu walinung'unika kama ilivyo haki yao. Hata hivyo walifika Muhazi, wakalala pale usiku mbili, na ile barabara ya milima waliyopita kwenda ndiyo waliyorudi nayo salama.

Askari wanaosoma ukurasa huu wanaujua msingi wa maneno haya kuliko raia. Bunduki iliyokaa ghalani husafishwa kwa siku yake, ingawa haikutoa risasi hata moja, kwa kuwa siku ya kuhitajiwa haitoi taarifa. Gari la kikosi hutazamwa kabla ya kuondoka, likisimama njiani, na likirudi. Nidhamu hiyo hiyo ikiletwa nyumbani, chombo kuukuu kitaendelea kutumika miaka mingi bila kuwahatarisha wenyewe. Basi mvua za masika zikikatika, kabla ya kuuliza tutakwenda wapi kiangazi hiki, mwiteni fundi.