Naaktgeboren: Kicheko Kilichofunika Msiba

Jina jema hung'ara gizani, walisema wahenga. Hawakueleza jina linalochekesha hufanya nini mchana, mbele ya darasa zima, mwalimu anapofungua rejista na kufikia herufi N. Nchini Uholanzi wapo watu wanaolijua jibu la swali hilo tangu siku yao ya kwanza shuleni. Hao ni wana wa ukoo wa Naaktgeboren. Kwa Kiholanzi, naakt ni uchi, na geboren ni aliyezaliwa. Kwa hivyo kila mwenye jina hili anapojitambulisha, iwe benki, hospitalini au kwa wakwe, huwa ametangaza kwamba alizaliwa uchi. Ni kweli alizaliwa hivyo, lakini ni nani aliyezaliwa na nguo? Mzaha huu umerudiwa kizazi baada ya kizazi, na aghalabu kila anayeurudia hudhani kuwa yeye ndiye wa kwanza kuugundua.

Naaktgeboren si jina la watu wengi. Katika hesabu ya majina ya ukoo ya mwaka 2007, de Jong, lenye maana ya 'kijana' au 'mdogo', ndilo lililoongoza kwa watu zaidi ya 80,000. Ukoo wa Naaktgeboren haukikaribii hata kivuli cha idadi hiyo. Hata hivyo, ni vigumu kumpata Mholanzi asiyewahi kulisikia. Kila inapotungwa orodha ya majina ya ajabu ya Uholanzi, hili halikosi. Limeenea masikioni kuliko lilivyoenea nyumbani, na pamoja nalo imeenea hadithi inayodai kueleza asili yake.

Hadithi yenyewe ni tamu. Mwaka 1810 Ufaransa iliitwaa Uholanzi na kuifanya sehemu ya himaya ya Napoleon. Tarehe 18 Agosti 1811 ikatolewa amri kwamba kila asiye na jina la ukoo achague moja na kuliandikisha. Hadi wakati huo wengi, hasa kaskazini na mashariki mwa nchi, waliitwa kwa majina ya baba zao: mwana wa Pieter akawa Jan Pieters, na mwana wa huyo Jan akawa Klaas Jans. Inasimuliwa kwamba watu waliichukulia amri hiyo kama upepo wa kupita. Wakamwendea karani wa Mfaransa na kumpa majina ya kejeli, mmoja akisema anaitwa Mzaliwa-Uchi, huku wakijua kwamba mgeni haelewi kitu na kwamba ataondoka karibuni. Mgeni kweli aliondoka mwaka 1813. Majina yakabaki, na mzaha wa siku moja ukawa mzigo wa wajukuu.

Hadithi hii huwapamba wanaoisimulia, na yamkini ndiyo sababu haifi. Inamwonyesha mnyonge akimcheka mshindi wake usoni. Lakini haisimami. Magharibi mwa Uholanzi majina ya ukoo yalikuwa yamekwisha kukita mizizi kabla Napoleon hajazaliwa, na jina Naaktgeboren lenyewe linapatikana katika kumbukumbu za kabla ya amri ya 1811. Zaidi ya hayo, madaftari ya uandikishaji wa miaka hiyo yamehifadhiwa, nayo hayaonyeshi taifa lililokuwa likifanya mzaha. Wengi waliandikisha jina la babu, la kazi, la shamba au la kijiji. Mtu aliyejua kwamba jina hilo ndilo litakalotumiwa katika mirathi ya wanawe hakuwa na sababu ya kulichezea.

Basi jina lilitoka wapi? Maelezo yanayokubalika zaidi miongoni mwa wataalamu wa majina yanaelekeza mashariki, ng'ambo ya mpaka, katika lugha ya Kijerumani. Humo limo neno nachgeboren. Geboren ni ile ile ya Kiholanzi, ila nach si uchi. Nach ni baada. Nachgeboren ni aliyezaliwa baada: wakati mwingine mtoto aliyekawia kuja nyuma ya nduguze, na hususan yule aliyezaliwa baada ya baba yake kufa. Katika karne ya 17 na ya 18 Wajerumani wengi walivuka mpaka kwenda Uholanzi kutafuta kazi mashambani, jeshini na melini. Walikwenda na majina yao, na majina hayo yakaandikwa na watu waliosikia kwa sikio la Kiholanzi. Nach haikuwa na maana katika sikio hilo, ilhali naakt ilikuwa nayo. Mkono ukaandika kile ambacho sikio lilidhani limesikia, na kwa herufi chache tu yatima akavuliwa nguo.

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa. Lugha yake hufanya mambo yanayokaribiana na hayo kila siku. Ilipokea kitabu kutoka Kiarabu, ikasikia ki- ya ngeli ya KI-VI pasipokuwa na ngeli yoyote, ikazaa vitabu. Ilipokea kiplefti kutoka Kiingereza, ikazaa viplefti. Tofauti ni kwamba Kiswahili hapo kiliipa silabi ya kigeni kazi ya kisarufi, ambapo Kiholanzi kiliipa maana. Kisa ni kimoja: sikio halivumilii sauti isiyo na kazi.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba neno la mtoto huyu huyu lilikuwa limekwisha kupotoshwa zamani, tena na Warumi. Kilatini kilikuwa na neno postumus, yaani wa mwisho kabisa. Marcus Agrippa alipofariki mwaka 12 kabla ya Kristo akimwacha mkewe mjamzito, mwana aliyezaliwa aliitwa Agrippa Postumus. Baadaye watu walisikia ndani ya neno hilo humus, yaani udongo, wakaongeza herufi h, na posthumus ikaanza kufahamika kama aliyezaliwa baada ya baba kufukiwa. Kosa la Warumi liliuzidisha msiba uliokuwamo katika neno, kwa kulichimbia kaburi. Kosa la Uholanzi liliufuta.

Uholanzi yenyewe ilikuwa na mtoto wa namna hiyo katika nyumba yake kubwa kuliko zote. Mwanamfalme Willem II wa Orange alifariki kwa ndui tarehe 6 Novemba 1650. Siku nane baadaye, tarehe 14, mjane wake alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto huyo alikua, akawa Willem III, na mwaka 1689 akatawazwa mfalme wa Uingereza. Yeye alirithi jina la baba na hakuhitaji jina la kueleza msiba wake, kwani ulijulikana na taifa zima. Mtoto wa kibarua au wa askari hakuwa na mwandishi wa historia mlangoni. Kama msiba wake ungekumbukwa, ungekumbukwa katika jina lake. Waluo wa Kenya wanalifahamu jambo hili vizuri, kwani majina Ochola na Achola huhusishwa na mtoto aliyezaliwa wakati wa maombolezo, hasa ya baba.

Sheria ya Uholanzi humruhusu mtu aombe kubadilishiwa jina la ukoo ikiwa ni la aibu au la kudhihakiwa. Hakuna anayeweza kumlaumu atakayeomba, maana anayekaa na jina ndiye anayejua linavyowasha. Ila atakayelitupa Naaktgeboren atakuwa ametupa zaidi ya kicheko. Nyuma ya ukoo huo yuko, kwa kadiri inavyoweza kukisiwa, mwanamke wa Kijerumani aliyejifungua kabla matanga hayajapoa, na hakuna pengine ambapo habari yake imeandikwa isipokuwa ndani ya jina linalosema jambo jingine.

Wapo waliobaki nalo, wakalitia sahihi bila kutetereka. Mwaka 1970 kilichapishwa nchini Ujerumani kitabu kiitwacho Biologie der Geburt, kinachochunguza jinsi wanyama mbalimbali wanavyozaa. Waandishi wake walikuwa Waholanzi wawili, wataalamu wa elimu ya wanyama. Mmoja ni E. J. Slijper. Mwingine, aliyelichunguza kwa makini suala la kuzaliwa, ni C. Naaktgeboren.