Shaba Nayo Inachoka

Sisi watu wa Katanga tunazaliwa juu ya shaba na tunakula kwa shaba, lakini wengi wetu hatujui tabia yake. Tunajua kuitoa katika udongo na kuipakiza kwa lori. Ikiisha kuvuka mpaka, hatuulizi tena inakwenda kufanya nini. Mwaka huu mdogo wangu alinilazimisha kuuliza.

Mdogo wangu anaishi Marekani, kwenye shamba dogo, pamoja na bibi yake na kijana wao wa miaka 15. Kule, wawindaji wengi wanajaza tena maganda ya risasi nyumbani kwao. Ganda tupu, lile sisi tunaita duyi, halitupwi. Wanalisafisha, wanalikaza ndani ya kalibu ya chuma, wanatia kiwashio kipya, baruti na risasi, kisha linapigwa tena. Wanafanya vile juu ya kupunguza gharama. Basi siku moja aliniita kwa simu na wasiwasi mwingi:

"Yaya, duyi zangu zinapasuka shingo. Zingine nilizipiga mara nane ndipo zikapasuka, ile naweza kuelewa. Lakini zingine nilipiga paka mara mbili. Na zingine ziko na risasi ndani, hazijapigwa hata, na tayari zimepasuka. Mtoto ndiye anasimama pembeni yangu tukienda kuwinda. Baba angesema nini?"

Alimtaja baba kwa sababu marehemu baba yetu, akitoka kazini kwenye kiwanda cha kuyeyusha, alikuwa anapiga picha za shaba nyumbani, zile ambazo Lubumbashi inajulikana nazo. Mimi ndiye nilikuwa napepea moto. Baba anapiga nyundo, bamba la shaba linaanza kuwa gumu, sauti yake inabadilika. Hapo anaweka nyundo chini. "Imechoka," anasema. Anajua kama akiendelea kupiga, itapasuka. Analiweka katika moto mpaka linakuwa jekundu, analitumbukiza katika maji, na linakuwa laini sawa mwanzo. Chuma cha kisu ukikifanyia vile kinakuwa kigumu. Shaba, hapana.

Duyi ni ndugu ya bamba lile. Inatengenezwa kwa shaba ya manjano, yaani letoni: sehemu 70 za shaba na sehemu 30 za zenki. Zote mbili tunazijua. Shaba imeyeyushwa Lubumbashi tangu 1911. Zenki inatoka Kipushi, mgodi uliosimama mwaka 1993 na kuanza tena kutoa mali mwaka 2024.

Sasa tuangalie kazi ya shingo ya duyi, pale inaposhika risasi. Baruti ikiwaka, shingo inatanuka mpaka kugusa ukuta wa bunduki na kuzuia moshi usirudi nyuma. Nyumbani inakazwa katika kalibu, tena inapanuliwa kidogo, tena risasi inasukumwa ndani. Kila safari ni kama nyundo ya baba. Shingo inakuwa ngumu zaidi na zaidi, na mwishowe inapasuka kwa urefu. Ndiyo habari ya zile za mara nane. Hazikuwa na kasoro, zilichoka tu.

Lakini zile zilizopasuka mbele ya kupigwa? Hapo nyundo haiwezi kushitakiwa. Nilimwuliza: "Unaziweka wapi?" Akajibu: "Katika banda la kuku, kwenye kabati. Ni pakavu, hakuna mtu anaingia."

Nilienda kwa ndugu mmoja wa kanisa letu anayefundisha mambo ya metali. Alicheka kidogo, kisha akanieleza habari ya zamani. Jeshi la Uingereza kule India lilikuwa linaona duyi zake zinapasuka wakati wa mvua, zikiwa katika akiba. Watu walifikiri ni majira yenyewe yanazipasua, na Waingereza wakaupa ugonjwa huo jina la majira. Mwaka 1921 wataalamu watatu, Moore, Beckinsale na Mallinson, walitoa maelezo. Duyi ziliwekwa karibu na farasi. Mkojo wa farasi unatoa amonia, ile hewa inayochoma pua, na wakati wa mvua unyevu unaisaidia kufanya kazi. Letoni iliyobaki na mkazo ndani yake, ikikutana na amonia, inapasuka yenyewe polepole. Dawa yao ilikuwa mbili: kupasha letoni moto kwa kipimo ili mkazo utoke, na kuiweka mbali na amonia.

Mavi ya kuku nayo yanatoa amonia. Na duyi iliyojazwa iko na mkazo kila saa, kwa kuwa shingo inaibana risasi usiku na mchana. Nilipomwita mdogo wangu tena, nilimwuliza jambo moja zaidi: anazisafisha na nini? Akasoma chupa: dawa ya kung'arisha letoni, yenye amonia ndani. Alinyamaza muda mrefu.

Kisha akaniuliza lile lililokuwa moyoni: "Yaya, siwezi kuzipiga mara moja ya mwisho? Ni franga zangu zile." Nikamwambia: mdogo wangu, katika bunduki kama yako, ile ya 30-06, nguvu ya moshi inaweza kupita bar 4,000. Gurudumu la gari lako liko na bar 2 hivi. Mara nyingi shingo iliyopasuka inavujisha moshi tu na kuharibu shabaha. Lakini letoni iliyoliwa na amonia, nani anajua ufa umefika wapi? Ukifika karibu na kitako, moshi unaweza kurudi kwa uso wa anayepiga. Huwezi kununua jicho la mtoto kwa bei ya duyi.

Alikubali. Zile zote za banda la kuku alizitoa katika matumizi, nzima na zilizopasuka, maana zilikaa pahali pamoja. Zilizobaki anazichunguza moja moja kwenye mwanga, shingo na kitako, kila mara mbele ya kuzijaza. Kule wajuzi wanapasha shingo tu ya duyi tupu isiyo na kiwashio, na wanalinda kitako kisipate moto, kwa sababu kitako ndicho kinabeba nguvu yote na lazima kibaki kigumu. Mdogo wangu aliamua kumpelekea mjuzi kazi hiyo. Mimi nilifurahi.

Ndugu wasomaji, hapa kwetu kujaza duyi si kazi ya nyumbani, na sisemi mtu aijaribu. Lakini somo linatufikia. Watoto wetu wanaokota duyi porini na kuziuza kwa wanunuzi wa mitrai. Mkononi mwao nzima na tupu ni letoni tu. Risasi nzima ikiingia katika chungu cha kuyeyushia, inalipuka. Mama, angalia mifuko ya mtoto. Na wewe fundi, usimwage mzigo katika moto mbele ya kuuchambua kwa mkono wako.

Tena, robine nyingi na vichwa vya chupa za gazi ni vya letoni. Usiviweke katika banda la kuku wala karibu na choo. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, usiupake sabuni ukasema utaendelea kidogo. Badilisha.

Shaba ni ngumu, lakini inachoka, na inaumia kwa hewa ambayo macho hayaioni. Baba alijua kusikiliza sauti yake chini ya nyundo. Sisi tulio na simu na vitabu, tuwe na masikio ya namna ile.