Kagua Bweni Kabla ya Kuchagua Chuo

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, nyumba nyingi za jijini hugeuka mahakama. Baba anataka uhandisi, mama anataka udaktari, mtoto naye anataka chuo chochote mradi kiwe mbali na baba na mama. Hubishaniwa alama, hubishaniwa karo, hubishaniwa hata jina la chuo. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza mwana huyu atalala wapi, atakunywa maji gani, na akiugua saa nane za usiku atakimbizwa wapi.

Binti ya dada yangu aliuliza kwa sababu hakuwa na budi. Ana pumu tangu utotoni. Alikuwa ameteua vyuo vitatu vinavyofundisha ualimu, na kabla ya kukamilisha orodha yake kwa KUCCPS aliniomba nimsindikize akavione kwa macho yake. "Mjomba," aliniambia, "picha wanazotuonyesha zote zina nyasi za kijani. Hakuna hata moja ya choo."

Basi tukashika njia ya Nakuru mwezi wa Juni, majira ambayo nyanda za juu hazimwonei mtu huruma. Kituo cha kwanza kilikuwa Njoro, katika Chuo Kikuu cha Egerton. Kilianza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo, kwa ardhi iliyotolewa na Lord Egerton, kikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 1987. Mahali penyewe ni pazuri: miti mirefu, mashamba, na ng'ombe wanaokutazama kama kwamba wewe ndiye uliyekuja kutahiniwa. Lakini uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi utaliona hilo kwa pumzi yako inayotoka kama moshi.

Dada yangu alikuwa ametuonya kuhusu maji ya Nakuru, kwamba yatayaharibu meno ya bintiye. Hofu hii niliisikia kwa wazazi wengi na yafaa kuelezwa vizuri. Ni kweli kwamba sehemu nyingi za Bonde la Ufa zina maji ya visima yenye floridi nyingi, kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Lakini madoa ya kahawia hujengeka meno yanapokuwa bado yanakua ndani ya ufizi, yaani katika miaka ya utotoni. Msichana wa miaka 18 meno yake yamekwisha kukomaa, isipokuwa labda magego ya mwisho. Kuyanywa maji hayo kwa miaka mingi ndiko kunakoweza kudhuru mifupa. Na ajuaye kuchemsha maji asidhani ameiondoa floridi. Moto huua viini tu.

Kutoka hapo tulipanda hadi Kesses, yaliko makao makuu ya Chuo Kikuu cha Moi, kilomita 35 hivi kutoka Eldoret. Chuo hiki kilianzishwa mwaka wa 1984, chuo kikuu cha pili cha umma nchini baada ya kile cha Nairobi. Huko baridi iliambatana na mvua. Mpwa wangu alitoa inhela yake mara mbili kabla ya saa sita mchana, nami nikajifanya sikuona. Si kila mwenye pumu husumbuliwa na baridi, lakini yeye humbana kifua, naye anajijua.

Kuna jambo moja la nyanda za baridi ambalo kila mzazi amwambie mwanawe kabla hajafunga sanduku. Usiku mwanafunzi huona vibaya kuliacha jiko la makaa nje, akaliingiza chumbani na kufunga dirisha. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu wala rangi. Aliyelala haamshwi na kikohozi. Huendelea kulala moja kwa moja.

Katika mmoja wa miji tuliyopitia, ambao sitautaja, tulionyeshwa hosteli ya kibinafsi. Vitanda sita vya watu wawili wawili vilibanwa katika chumba ambacho kingefaa watu wanne. Ukuta wa nyuma ulikuwa na koga jeusi kutoka sakafuni hadi kiunoni, nayo madirisha yalikuwa na vyuma visivyofunguka. Mwenye nyumba akajisifia usalama. Mimi nikakumbuka Kyanguli, kule Machakos, ambako wavulana 67 walifariki bwenini Machi 2001. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Hata pasipo moto, chumba kisichopitisha hewa ni neema kwa kifua kikuu, maana ugonjwa huo husafiri kwa hewa na hupenda msongamano. Kunguni, ambao mpwa wangu aliwaona kwenye mishono ya godoro, huwa ndio kelele kubwa ya wanafunzi. Hao humnyima mtu usingizi, lakini hawajulikani kueneza ugonjwa. Mimi ningemhofia zaidi ukuta kuliko kunguni.

Tuliteremka kwa njia ya Kapsabet na Chavakali hadi Maseno, pale ambapo mstari wa ikweta unakata barabara ya Kisumu kwenda Busia. Joto lilitupokea vyema na inhela ikakaa mfukoni. Hapa hofu ni nyingine: malaria. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2020 uliwapata na vijidudu vya malaria asilimia 19 ya watoto waliopimwa katika eneo la ziwa, hali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 6. Mtoto aliyekulia Nairobi hana kinga waliyojijengea wenyeji, kwa hiyo akiumwa huumwa kweli. Tena homa huweza kuchukua wiki mbili kujitokeza. Anaweza kufunga chuo akiwa mzima, akaanza kutetemeka akiwa kwao Umoja, na daktari wa jijini akamtibu mafua asipoambiwa mgonjwa ametoka ziwani.

Hatukuwauliza maafisa mengi. Mpwa wangu alisimama nje ya bweni, akawauliza wasichana waliokuwa wakifua: mfereji hukauka siku ngapi kwa wiki, zahanati hufungwa saa ngapi, na wa mwaka wa pili hulala wapi. Swali hili la mwisho lina uzito, kwa kuwa aghalabu vyumba vya chuo hupewa wa mwaka wa kwanza, wengine wakajitafutia nje. Kisha tukatembea hadi Hospitali ya Misheni ya Maseno, tukipima kwa saa.

Jioni dada yangu alipiga simu, akasema heri Njoro kuliko mbu. Binti akamjibu, "Mama, mbu nitamwekea chandarua. Baridi nitaiwekea nini?"

Aliweka Maseno ya kwanza na Egerton ya pili. Kesses akaifuta. Dada yangu alinuna siku mbili, kisha akaniuliza bei ya chandarua chenye dawa, na kama vipo vya rangi isiyoshika uchafu upesi.